Nisomee Pale Nilipo

Anyesi nilimcheka siku ya kwanza tu tulipokutana, na nalisema hilo mapema kabla mtu hajaanza kunipamba. Alikuwa anapiga deki wodi ya wanawake. Akasimama, akainua kichwa anisalimie, nami nikaona meno yake mawili ya chini, ya mbele, hayapo. Mimi nesi mpya, gauni limepigwa pasi mpaka limekakamaa, hata shikamoo sikumpa mama wa watu. Nikasema, "Mama, umegombana na nani?" Nikacheka mwenyewe. Toka siku hiyo Anyesi akitaka kucheka alivuta kwanza ncha ya kanga akaziba mdomo. Miaka sita alicheka ndani ya kanga kwa sababu yangu.

Naitwa Sikudhani. Baba yangu, mzee Mrisho, alikuwa fundi cherehani Majengo, hapahapa Dodoma mjini. Ukoo wetu ulipanda huku na misafara ya biashara zamani hizo, ukaoa, ukajenga, ukasahau kurudi. Kwetu meno hayang'olewi. Wagogo wa zamani waling'oa hayo mawili utotoni, vijana wao wa sasa wameacha, na mimi nilidhani ni urembo tu wa kizamani. Nilikuwa na mdomo mimi. Bado ninao, muulizeni mume wangu.

Hospitali sitaitaja jina. Ilikuwa ya shirika moja, nje kidogo ya mji, upande wa vumbi, kama kuna upande Dodoma usio na vumbi. Mbele palikuwa na jengo kubwa la wagonjwa wa kawaida. Nyuma, ukivuka uwanja wa mchanga, jengo la wagonjwa wa akili. Kati yao hatua mia moja na ushee. Jamani, hatua zile zilikuwa ndefu! Mtu akiwa na homa ya mapafu na papo hapo anaongea na ukuta, alikuwa hana kwao. Jengo kubwa wanasema, "Huyu anapiga kelele, mpelekeni nyuma." Nyuma wanasema, "Huyu anakohoa damu, mrudisheni mbele." Siku moja mzee mmoja mwenye kisukari, ambaye pia alisikia sauti, alisukumwa kwenye kitanda cha magurudumu mara tatu kabla ya saa sita mchana. Msukumaji akachoka, akasimama juani katikati ya uwanja, akapaza sauti, "Basi nimwache hapahapa katikati?"

Dokta Joshua alikuwa barazani akamsikia. Wengine tulicheka. Yeye akasema, "Ndiyo. Katikati." Pale uwanjani palikuwa na stoo ya vitanda vibovu. Akaililia kwa wakubwa miezi minne mpaka wakampa. Tukaisafisha, tukaipaka chokaa, tukatia vitanda sita, na watu wakapaita Chumba cha Kati. Ilikuwa mwaka tisini na moja, enzi zile za ruksa, sabuni za kunukia zimerudi madukani na mitumba imejaa sokoni mpaka wagonjwa wetu wakawa wanavaa sweta zenye maandishi ya vyuo vya Ulaya.

Kazi ikawa kupata watu wa kukaa humo. Manesi wa mbele waliogopa vichaa, na wa nyuma waliogopa dripu. Mimi nilipelekwa kwa adhabu. Nilikuwa nimemjibu vibaya Matroni Priska, akaniambia, "Nenda kule, ukawajibu wale." Anyesi aliomba mwenyewe. Hakuna aliyemtuma. Alibeba ndoo yake na fagio lake akavuka uwanja.

Kwao ni upande wa Mvumi. Alikuja mjini mwaka sabini na nne kumuuguza mama yake. Mama akafariki, binti akabaki anafagia baraza alipomuuguzia, wakaja wakamwandika mhudumu. Darasa la pili hakulimaliza. Kusoma hajui, ila jina lake akiliona aliweza kulitambua kwa ile A ya mwanzo, na hata hapo alichanganya, aliwahi kusaini mshahara wa Athuman dereva. Mume alikuwa ameshakufa, shamba limegawanywa na shemeji. Alikuwa na chumba kimoja cha kupanga Chang'ombe na ile hospitali, basi.

Na alikuwa na salamu. Hapo ndipo ningetaka mumwone. Asubuhi anaingia, anaweka ndoo chini, anaanza kitanda cha kwanza: "Mbukwenyi." Salamu ya Kigogo si ya kupita njia. Umelalaje, watoto wamelalaje, ng'ombe wamelalaje, mvua huko kwenu, mtama, wazee. Anayejibu anajibu. Asiyejibu, Anyesi anauliza, ananyamaza muda uleule ambao jibu lingechukua, anasema "Eee," anakwenda swali la pili. Mwanzoni nilikuwa nashikwa na hasira mpaka nasaga meno, maana deki inakauka na sindano zinanisubiri.

"Mama Anyesi, huyu hajasema neno tangu Idi."

"Anajibu ndani, Sista. Sasa nimkatize?"

Thubutu umwambie kitu. Lakini nisikilizeni. Yule mzee wa kisukari, aliyeleta habari yote ya Chumba cha Kati, alikuwa kila siku akiulizwa ng'ombe anajibu wapo mia nne. Hakuwa na hata mbuzi. Asubuhi moja natayarisha sindano yake ya insulini, Anyesi akaja akanishika mkono. "Sista, leo mzee hana ng'ombe."

"Afadhali, amepata akili."

"Nimemuuliza mara tatu, hana hata mmoja. Tazama vizuri."

Nikatazama kwa kumridhisha tu. Shati limelowa jasho, macho yanaelea. Sukari ilikuwa imeshuka, na mimi nilikuwa na sindano mkononi ya kuishusha zaidi! Tulimpa maji ya sukari kwa kijiko, na baada ya nusu saa akasema ng'ombe wapo, mia nne, ila mmoja amevunjika mguu. Anyesi akaziba mdomo kwa kanga akacheka mpaka machozi. Mimi nilikwenda nyuma ya chumba nikaimwaga ile sindano mchangani. Mbele walijua mwili, nyuma walijua akili, na yule mama darasa la pili alikuwa anamjua mtu mzima mzima. Tangu siku hiyo nilimpenda, ingawa sikumwambia.

Mwaka tisini na tatu ukaja upepo wa ridandansi. Nchi nzima watu walikuwa wanapunguzwa kazi, na shirika letu nalo likasema litapunguza. Tulijua wataanza na wahudumu, na miongoni mwa wahudumu wataanza na wasiojua kusoma. Anyesi alilijua hilo kuliko sisi. Aliacha kula mchana. Nikamgombeza, nikamwambia akipunguzwa atauza maandazi kama wenzake, maisha yenyewe ya siku hizi ni biashara.

"Maandazi nitauza," akasema. "Lakini nikitoka hapa, Sista, nitamsalimia nani?"

Nikamsogezea sahani yangu, akairudisha.

Hali ilikuwa hiyo Penina alipoletwa. Alikuwa mama wa miaka thelathini na kitu kutoka kijiji kimoja cha kuelekea Mtera, mumewe Sila akiwa amembeba mgongoni kutoka kwenye lori. Siku tisa hajala, hajasema. Mwili umekakamaa, ukiinua mkono wake unabaki huko huko juu. Macho nusu wazi. Taya limefungwa huwezi kupenyeza kijiko. Na homa kali, na kifua kinakoroma. Jengo kubwa wakasema ni kichaa. Jengo la nyuma wakasema ni pepopunda. Kwa hiyo akawa wetu.

Dokta Joshua alimpima Ijumaa ile mchana mzima. Akaanza sindano za homa ya mapafu, akatundika dripu, akaniambia, "Sista Sikudhani, hapa pana mawili. Ikiwa ni pepopunda, dawa yake nyingine, chumba chake cha giza. Ikiwa ni akili imejifunga, dawa yake nyingine. Nikikosea nitamuua. Mpatie maji mwilini mpaka nirudi Jumatatu." Akaondoka na gari, alikuwa anasubiriwa na wagonjwa wa upasuaji hospitali nyingine.

Jumamosi saa mbili asubuhi dripu ikatoka. Nikatafuta mshipa mkono huu, mkono ule, mguu. Mishipa imelala yote. Mpira wa kulishia puani, stoo ulikuwepo mmoja, mkubwa wa ng'ombe, nikaujaribu na damu ikatoka puani. Mkojo hakuna tangu jana. Nikachukua kijiko nikajaribu kubanua taya na sikuweza, nikakichapa kijiko chini. Nikasema kwa sauti, Mungu anisamehe, "Huyu anajitia tu! Ana kiburi, anataka kufa atusumbue!"

Anyesi alikuwa amesimama na fagio. Akasema, "Sista, huyu ana mlango."

"Mlango gani?"

Akashusha kanga. Mbele yangu, kwa hiari yake, mara ya kwanza tangu nimcheke, akafungua kinywa na kuweka kidole kwenye pengo lake. "Huu. Na yeye anao. Wewe umefikiri tunang'oa kwa nini? Bibi yangu alisema, siku taya likifunga, mtu alishwe hapa."

Nikainama nikamfunua Penina mdomo wa chini. Kweli. Mama wa kijijini, wa kizazi cha mwisho cha kung'olewa, pengo lile lile. Mimi nimeshinda naye tangu jana naona meno tu.

Ukutani palikuwa na tangazo, herufi kubwa nyekundu: WAHUDUMU HAWARUHUSIWI KUMLISHA MGONJWA WALA KUMPA DAWA. ATAKAYEKIUKA ATAFUKUZWA. Lilibandikwa baada ya mhudumu mmoja kumlisha mgonjwa wa kifafa, akapaliwa, akafa. Anyesi hakujua kulisoma lakini alijua linasema nini, sote tulijua. Nikamwambia nipe bakuli, nitamlisha mimi. Nikajaribu. Kidole changu kinene, uji ukaishia shingoni.

"Sogea, mwanangu," Anyesi akasema.

Tukamlaza Penina ubavu, mimi nikashika kichwa, mashine ya kunyonya makohozi nimeiweka mguuni tayari kuikanyaga. Anyesi akanawa mikono kwa sabuni mpaka nikaona atajichubua. Akachovya kidole kidogo kwenye uji mwepesi wa uwele, akamsalimia kwanza. Ndiyo, akamsalimia! Watoto wamelalaje, Sila ameamkaje, akangoja, "Eee." Kisha akaingiza kidole kwenye pengo taratibu, mpaka ndani.

Nilikuwa nasubiri taya limkate kidole. Taya halikubana. Anyesi akatulia, kisha uso wake ukabadilika. "Sista. Ulimi umekuja."

"Umekuja wapi?"

"Umekuja kwenye kidole. Unalamba. Huyu anataka kula, Sista, huyu anataka!"

Nikalia. Nasema wazi, nililia pale nimeshika kichwa cha mtu. Tone kwa tone, saa nne asubuhi hadi jua linazama, akamaliza kikombe cha bati kimoja na nusu. Anyesi hakurudi kwake siku ile wala iliyofuata. Jumapili mchana Penina akakojoa, na mimi nikapiga vigelegele kwa ajili ya mkojo, mpaka wa jengo la nyuma wakatoka kuchungulia.

Sasa ndipo nilipoharibu.

Zamu ikiisha nesi anaandika ripoti kwenye kitabu, na Matroni anakisoma kila Jumatatu. Jumamosi ile jioni nilikuwa nimekaa na kalamu. Nikiandika Anyesi amemlisha mgonjwa, wamepata sababu, ataongoza orodha ya kupunguzwa, tena bila kiinua mgongo. Nikaandika: mimi. Mimi nimemlisha, kidole changu, mimi nimeona ulimi. Niliona nimefanya jambo la maana sana. Nilijisikia mwanamke shupavu.

Jumapili asubuhi Anyesi akaja, anajifuta mikono. "Umeandika habari za Penina?"

"Nimeandika."

"Nisomee pale nilipo."

Mwee! Nikafungua kitabu. Nikatazama maandishi yangu mwenyewe na kinywa kikasema kingine. "'Saa nne asubuhi, mhudumu Anyesi akamlisha mgonjwa kwa kidole, kupitia pengo la meno. Mhudumu Anyesi akagundua ulimi unatembea.'" Alikuwa amefumba macho. Miaka kumi na tisa pale hospitalini, hakuwahi kuwamo kitabuni hata mara moja. Akaniambia soma tena pale penye ulimi. Nikasoma tena. Jumatatu akataka, Jumanne, Jumatano. Asubuhi nne nilimsomea kitu ambacho hakikuwepo, na kila siku nilikipamba zaidi kidogo.

Jumatatu Dokta Joshua alirudi, akasoma ripoti amesimama mlangoni na begi mkononi. "Uligusa mpaka ndani na taya halikubana?" Nikasema halikubana. Akapiga paja kwa furaha. Kumbe pepopunda ukigusa ndani ya kinywa, taya linabana zaidi. Hii si pepopunda. Akili ilikuwa imejifunga, na homa ya mapafu imekuja kumkuta amelala hivyo. Akaongeza sindano ya kulegeza juu ya zile za kifua, zote mbili kwenye kitanda kimoja, bila kuvuka uwanja. Kesho yake Penina akageuza shingo. Keshokutwa akaomba maji. Akaniambia Dokta, mbele ya Matroni, "Sista, umemwokoa mtu." Anyesi alikuwa dobini. Nami nikasema asante. Ningeweza kumvuta pembeni nikamweleza. Nilijiambia naogopa orodha, na kweli niliogopa, lakini nisiwadanganye, sifa ni tamu.

Wiki tatu baadaye akaja Bwana Yotham kutoka makao makuu ya shirika, na faili lake kwapani. Alikuwa anapita kila wodi, anahesabu watu na kuuliza kila mmoja kazi yake. Alipoingia Chumba cha Kati, Penina alikuwa amekaa kitandani anamenya karanga, amebakiza siku chache aende kwao. Dokta Joshua akataka kukitetea chumba chake. "Usiangalie vitanda tu," akamwambia. "Soma ripoti ya mama huyu." Akampa kitabu.

"Nisome kwa sauti?"

"Soma, wote wasikie."

Nikanyoosha mkono nikipokee kitabu, Bwana Yotham ameshakifungua. Anyesi aliweka ndoo chini. Akajifuta mikono kwenye gauni, akajifunga kanga vizuri, akasogea mpaka karibu. Alikuwa amemsikia Dokta akisema atampa mgeni kitabu, akawaambia wagonjwa tangu asubuhi, leo mgeni akisoma mtanisikia humo. Hata mzee wa ng'ombe aliinuka kukaa.

Bwana Yotham akasoma. "'Saa nne asubuhi. Mimi, Sista S. Mrisho, nimemlisha mgonjwa uji kwa kidole, kupitia pengo la meno ya chini. Nimeona ulimi unatembea. Nimeendelea kumlisha hadi jioni.'" Akasoma ukurasa wote, na wa pili wote. Alikuwa na sauti nzuri, kila neno linasikika. Akafunga kitabu.

Anyesi alikuwa bado anangoja, vilevile anavyongoja jibu la salamu. Kisha akasema kwa adabu, "Bado, bwana. Kuna pale penye ulimi."

"Nimepasoma, mama."

"Pale nilipo mimi."

Bwana Yotham akafungua tena, akapitisha kidole mistari yote. "Wewe ni nani?"

Anyesi akanitazama mimi. Sijawahi kutazamwa hivyo, wala sitaki tena. Akaelewa palepale, yote, asubuhi zote nne. Angeweza kunianika. Akageukia mgeni akasema, "Nafagia."

Sikuvumilia. Nikapayuka, hata sijui nilianzia wapi. Nikasema ripoti ni ya uongo, nimeiandika mimi, kidole ni chake, mlango ni wake, mimi nilikuwa namwita mgonjwa mjeuri na nimeshindwa kila kitu. Nikaeleza tangazo la ukutani na orodha. Nilikuwa nalia na kugomba kwa pamoja. Matroni Priska, aliyemsindikiza mgeni, amenitolea macho.

"Nitajuaje sasa uongo ni upi?" Bwana Yotham akauliza. "Ulioandika au unaosema?"

Penina akaweka karanga chini. Kiswahili chake kilikuwa cha polepole, cha kutafuta maneno. "Mimi nilikuwa nasikia," akasema. "Nilikuwa ndani, siwezi kutoka, lakini nasikia. Huyu mama alinisalimia. Alisema watoto wamelalaje. Wengine wote walisema huyu ni nini, huyu ni nini. Kidole kilikuwa chake." Akanielekezea mimi mkono. "Huyu Sista alisema najitia. Halafu alikuwa analia, machozi yakaniangukia sikioni."

Mzee wa ng'ombe akacheka, na mimi sikuthubutu kuinua uso.

Bwana Yotham akaandika kitu kwenye faili. Akasema kwa mujibu wa kanuni, mmoja amevunja agizo na mwingine ameghushi ripoti, wote wawili wangepaswa kwenda. Dokta Joshua akamjibu kwamba bila huyu mama chumba hiki kitabaki stoo ya vitanda, kama kilivyokuwa. Wakatoka nje wakabishana muda mrefu juani, sisi tunawaona tu mikono inavyokwenda. Orodha ilipobandikwa mwisho wa mwezi, watu kumi na mmoja walikuwa wamepunguzwa na jina la Anyesi halikuwemo. Aliongezewa mstari kwenye kazi yake: kusaidia kulisha, chini ya usimamizi wa nesi. Mimi nilipata barua ya onyo, nikahamishiwa chumba cha vidonda jengo kubwa mwaka mzima. Nilistahili, na barua ile ninayo mpaka leo.

Lakini Anyesi hakusema nami. Nilimpelekea sukari kilo moja, akaipokea, akashukuru, akafunga mlango. Nikikutana naye uwanjani ananiitikia shikamoo yangu, "Marahaba," anapita. Yeye, wa salamu nusu saa! Ikawa hivyo wiki mbili. Nikawa najitetea moyoni: nilifanya kwa kumpenda, nilitaka abaki, sasa kosa langu nini?

Ijumaa moja nasafisha kidonda cha mguu, akaja akasimama mlangoni mpaka nikamaliza. Amebeba kile kitabu cha ripoti, sijui Matroni alikubalije. Akakiweka mezani akakaa kwenye benchi la wagonjwa.

"Nisomee," akasema. "Sasa soma kilichopo."

Nikasoma. Mimi, mimi, mimi. Yeye hakunisaidia, aliacha nifike mwisho. Hakuziba mdomo, hakufumba macho.

"Mama Anyesi, nisamehe. Nilifanya kwa mapenzi."

"Najua," akasema. "Ungekuwa hunipendi, ningekutukana, yakaisha siku ileile. Kazi ni yangu, ukaliondoa jina langu ili nisifukuzwe, hilo nimelisamehe kabla Bwana Yotham hajapanda gari. Lakini mimi nilifumba macho, Sikudhani, wewe unanisomea. Nikaenda nyumbani nimefurahi."

Ilikuwa mara ya kwanza kuniita jina langu. Nikataka kumshika mkono, akautoa, akafungua kitabu ukurasa wa mwisho usio na kitu, akanisogezea na kalamu.

"Nifundishe kusoma," akasema. "Mtu asije akanipenda hivyo tena."

Nikavuta kiti. Tukaanza palepale, kwa A.